Anza na Mwiko, Zimwi Litakuja Lenyewe: Mwongozo Kamili wa Kuandika Hadithi Fupi ya Kutisha ya Milimani

Hadithi nyingi za kutisha ninazoletewa nizisome zina zimwi kwenye aya ya pili. Lina jicho moja, kucha kama mapanga, linanuka, linaunguruma. Kufikia aya ya nne msomaji ameshalizoea kama anavyomzoea mbwa wa jirani, na mwandishi amebakiwa na kurasa sita za watu kukimbizana msituni.

Sasa kaa na bibi aliyekulia mlimani umsikilize. Haanzi na zimwi. Anaanza na katazo: "Sisi pale kwenye chemchemi hatukupita jua likishazama." Basi. Hasemi kuna nini. Na wewe, mtu mzima mwenye simu yenye tochi, jioni ile unazunguka njia ya juu.

Mwongozo huu wote unasimama hapo. Mifano nitaichukua kwenye milima yetu ya Tanzania, nikivuka mpaka mara mojamoja, na njiani tutajenga hadithi moja pamoja ili uone kila hatua inavyofanya kazi.

Hatua ya kwanza: chagua mlima mmoja

"Milimani" si mahali. Kilimanjaro ya Wachaga ni vihamba vya migomba vilivyobanana, mifereji ya maji ambayo wenyewe huiita mifongo, masale yaliyopandwa mipakani na ambayo jani lake hupelekwa kuomba msamaha, pamoja na mapango yaliyochimbwa chini ya ardhi enzi za vita ili watu na ng'ombe wao wajifiche humo. Usambara ni nchi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu baada ya kukataliwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Akawagawia Washambaa nyama ya nguruwe mwitu, akaua simba, akapewa ufalme. Uluguru kuna Kolelo, mzimu wa pangoni anayesimuliwa kwa sura ya nyoka, aliyeendewa watu walipotaka mvua na rutuba. Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu, hutapika lava nyeusi isiyo na moto mwingi kama ya volkano nyingine, na lava hiyo hugeuka nyeupe siku chache tu baada ya kukutana na unyevu. Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, una pango la Kitum ambamo tembo huingia gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, ili wachokonoe chumvi ukutani kwa pembe zao.

Kila mlima hapo una woga wake. Kilimanjaro watu wamebanana, kwa hiyo woga wake ni wa jirani, wa mpaka, wa zamu ya maji. Uluguru woga ni wa kumuudhi mwenye mvua. Lengai ni woga wa mahali patupu ambapo hata ardhi hubadili rangi ukiwa umelala. Ukivichanganya vyote unapata supu isiyo na ladha. Nimewahi kusoma hadithi ambamo jini la pwani, lenye kupenda udi na halua, lilikuwa likiishi juu ya Rungwe bila maelezo yoyote. Ningemsamehe mwandishi kama angeuliza swali moja tu: nani alilipandisha huko, na alilipwa nini? Hapo angekuwa na hadithi.

Ukishachagua mlima, chagua na kimo. Kilimanjaro unafika mita 5,895, lakini hakuna hadithi ya familia inayotokea kileleni. Kuna ukanda wa migomba, kisha msitu, kisha nyasi na vichaka, kisha mawe na barafu. Kila mstari kati ya ukanda mmoja na mwingine ni mlango. Mtu anayeuvuka kwenda juu baada ya saa kumi na moja jioni tayari ameanza hadithi, hata kama anafuata mbuzi tu.

Yetu tutaiweka kwenye ukanda wa migomba, mteremko wa Kilimanjaro, kijiji nisichokitaja. Mama mmoja, Manka. Mtoto mmoja, Eli, miaka saba. Korongo upande wa mashariki wa kihamba. Na ukungu.

Hatua ya pili: uliza makatazo, usiulize mizimu

Ukimwendea mzee na kumwambia, "Babu, nisimulie habari za mizimu," utapata moja kati ya mawili: kicheko, au toleo lililopigwa pasi kwa ajili ya wageni. Tena huenda yeye ni mzee wa kanisa au wa msikiti na hataki mjukuu aje kumrekodi akizungumzia mambo ya zamani. Muulize hivi: "Mlipokuwa watoto, mlikatazwa nini?" Kila mtu ana jibu la swali hilo, na hakuna anayelionea aibu.

Kisha fuata kidogokidogo. Ni mahali gani hasa? Nani alikukataza, na alitumia maneno gani? Kuna mtu aliyewahi kuvunja? Ilikuwaje kwake? Mwisho kabisa uliza: na siku hizi watu wanapita? Hili la mwisho usilisahau. Mara nyingi jibu ni, "Siku hizi wanapita tu, ila..." Kila kitu unachokihitaji kiko baada ya hiyo "ila".

Andika maneno ya lugha ya mama kama yalivyosemwa, hata kama huyaelewi bado. Tafuta mtu wa pili anayekijua kisa kilekile. Wa kwanza atakwambia yule mwanamke alipotea. Wa pili atakwambia alirudi, lakini tangu hapo hakula chumvi. Usihangaike kutafuta nani anasema kweli. Pengo kati ya matoleo hayo mawili ndipo utakapojenga.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Na kuna mambo utaambiwa kisha uambiwe usiyaandike: maneno ya tambiko, mafundisho ya jando, jina la aliyekufa vibaya. Usiyaandike. Ukiyahitaji sana kwenye hadithi, tunga ya kwako.

Hatua ya tatu: tafuta kazi mbili za mwiko

Hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Karibu kila mwiko una kazi inayosemwa na kazi isiyosemwa. Usifagie usiku, utafukuza baraka. Na kweli, kwenye nyumba ya kibatari, anayefagia usiku hutupa nje shilingi na sindano pamoja na taka. Usikate mti kwenye chemchemi, wenyewe watakasirika. Na kweli, chemchemi ikivuliwa msitu wake hukauka. Usipige mluzi usiku, unaita nyoka, au unaita wengine wasiotajwa. Na kweli, kijiji kilicholala hakitaki kujua ni nani anapigiana miluzi na nani.

Mwandishi mchanga huchagua kazi moja. Akichagua inayosemwa peke yake, anapata hadithi ya kulalia watoto. Akichagua isiyosemwa peke yake, anapata somo la mazingira lenye vazi la bibi kizee. Hadithi inayotisha huacha zote mbili ziwe kweli, kisha inafunua ya tatu, ambayo hata waliouweka mwiko hawakuijua yote.

Tuufanyie kazi mwiko wetu. Katika sehemu nyingi huambiwa kwamba ukiitwa usiku usiitike mara ya kwanza. Tuusogeze kidogo, tuufanye wa mlimani: ukiitwa ndani ya ukungu, usiitike.

Kazi inayosemwa: ukiitika, aliyekuita atakuchukua.

Kazi isiyosemwa: ndani ya ukungu mzito sauti haikuonyeshi upande. Unaifuata, unadhani uko kwenye njia, kumbe uko ukingoni mwa korongo. Waliokufa hivyo walikuwa wengi kiasi cha kutungiwa katazo.

Kazi ya tatu, ambayo ni yetu: anayeita hataki mwili wako. Anataka sauti. Ukiitika umemfundisha, na kesho ataita kwa sauti yako.

Angalia kilichotokea. Wazee walikuwa sahihi kwenye katazo, wakakosea kwenye sababu. Manka akiitika na asichukuliwe, atadhani amepona. Kijiji kizima kitadhani amepona. Ni msomaji peke yake atakayeanza kuhesabu siku.

Hatua ya nne: mvunja mwiko awe na haki

Mtu mjinga anayeingia pangoni kwa sababu ya ubishi hatusikitiki akiliwa. Wengine tunafurahi. Anayetisha ni yule ambaye nasi tungefanya alichofanya.

Wachaga wana kisa cha vilele viwili vya Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kuomba kwa Kibo, akamkuta anatwanga ndizi kavu. Kibo akampa moto, akampa na ndizi. Zilikuwa tamu. Mawenzi akauzima moto makusudi, akarudi. Akapewa tena. Alipokuja mara ya tatu, Kibo alimpiga kwa mchi, na ndiyo maana hadi leo Mawenzi amejaa makovu na meno meno, wakati Kibo amejiinamia laini kama kichwa cha mzee. Watoto hucheka. Ila kisome tena ukiwa Mawenzi. Unarudi kwa jirani aliyekupokea vizuri mara mbili, mlango ni uleule, harufu ni ileile ya ndizi, naye ameshika mchi uleule. Mara ya kwanza ulikuwa wa kutwangia. Ukiweza kuandika dakika ile moja mlangoni, kabla mchi haujanyanyuliwa, umeshajifunza nusu ya kazi hii.

Kisa hicho kinafundisha na hesabu ya tatu. Mara ya kwanza ni kawaida, ya pili ni mazoea, ya tatu ni malipo. Masikio ya wasomaji wetu yamelelewa kwenye hesabu hiyo, wataisubiri bila kujua kwamba wanaisubiri. Unaweza kuifuata, au ukalipisha kwenye ya pili na kuwakuta hawajajiandaa.

Manka ana haki gani? Anaisikia sauti ya mwanawe ikiita "Mama" kutoka upande wa korongo. Hilo latosha. Ataitika, na hakuna msomaji atakayemlaumu. Dakika tano baadaye Eli anatokea upande mwingine kabisa, kutoka kwa jirani, mdomo umejaa ndizi ya kuchoma, anauliza kwa nini mama analia. Hakuita mtu yeyote.

Hatua ya tano: mlima ufanye kazi yake

Huna haja ya kubuni mambo mengi ya kutisha. Mlima unayo tayari, tena yanatokea kila wiki.

Joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku hewa baridi hutiririka kwenda chini kama maji, ndiyo maana bondeni kunakuwa na baridi kali kuliko kwenye kibanda cha juu kidogo; mtu anayejificha bondeni amejificha kwenye bwawa la baridi. Karibu na ikweta machweo ni mafupi: ukisema "bado kuna mwanga" ukiwa unafunga kamba ya kiatu, ukiinua kichwa haupo.

Usiku msituni hulia perere. Ni mnyama mdogo wa mitini, si mkubwa kuliko sungura, lakini huanza kwa kukoroma kama mlango mbovu, kisha hupanda mpaka anapiga yowe kama mtu anayenyongwa. Mwenyeji hashtuki. Mgeni hulala macho. Mtumie perere kwa namna mbili: mgeni anashtuka na mwenyeji anacheka, hiyo ni ya kwanza. Halafu usiku mwingine yowe linasikika, mgeni anasema, "Perere," na mwenyeji hajibu.

Kuna na kivuli cha ukungu. Jua likiwa chini mgongoni mwako na ukungu umejaa bondeni mbele yako, kivuli chako hutupwa juu yake, kikubwa mno, na kichwani huzungukwa na pete ya rangi kama upinde wa mvua. Mkiwa wawili, kila mmoja ataiona pete kwenye kivuli chake mwenyewe tu, haioni kwa mwenzake. Ni sayansi tupu, nami bado nikiiwaza nasisimka. Fikiria watu wawili wanabishana kwa nia njema ni nani kati yao amevikwa pete. Sijaitumia bado, chukua.

Kwa Manka tunahitaji ukungu tu. Lakini uwe ukungu halisi: unapanda kutoka bondeni mchana ukielekea jioni, haushuki kutoka juu kama pazia la ukumbini. Unafuta vitu kwa mpangilio, cha mbali kwanza. Huo mpangilio ni saa ya ukutani, unaweza kupima woga kwayo.

Hatua ya sita: kiumbe chenyewe

Waswahili wana zimwi, Wakikuyu na Wachaga wana irimu. Kwenye ngano nyingi kiumbe hicho hakiji na pembe. Kinakuja kijana mtanashati, mcheza ngoma hodari, binti anampenda, wanaondoka pamoja. Njiani ndipo nywele zinasogea, na mdomo wa pili unaonekana kisogoni ukidaka nzi. Mababu walijua ufundi: urembo kwanza, nzi baadaye.

Jiulize mambo matatu tu. Kinataka nini? Hakiwezi nini? Kinaacha alama gani? Kiumbe kisicho na kikomo hakitishi, kwa sababu hakuna cha kutumainia. Chetu kinataka sauti. Hakiwezi kusema neno ambalo hakijalisikia. Alama yake: mbuzi huacha kutafuna.

Halafu ushauri ambao wengi huukataa: usikiite jina. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro, mwongozaji wake aliyekuwa hana neno la kitu kile cheupe alikiita "beredi", baridi. Alikitaja kwa kile kinachomfanyia mtu. Watu husema hivyo kuhusu wasichokijua, na ndivyo wanakijiji wako watakavyosema. Katika hadithi ya Manka hakuna neno zimwi wala irimu hata mara moja. Bibi yake Eli husema "wenyewe". Ukungu umepanda na wenyewe. Msomaji atauliza moyoni, wenyewe wa nini? Mwache aulize.

Hatua ya saba: wimbo

Ngano bila wimbo ni mboga bila chumvi. Kuna kile kisa kinachosimuliwa huku na kule cha binti aliyetiwa ndani ya ngoma: zimwi linazunguka naye vijijini, linapiga, yeye anaimba kutoka ndani, watu wanashangilia ngoma yenye sauti tamu, mpaka inafika kijijini kwao na mama anaitambua sauti. Wimbo pale ndani ni njama, ni kilio, ni barua. Haukuwekwa kupamba.

Wako uwe mfupi, mistari miwili yatosha, na urudie. Kila marudio kitu kidogo kibadilike. Kiswahili kinatupa zawadi hapa, maana silabi moja inaweza kupindua neno zima. Bibi amemfundisha Eli wimbo wa jioni, Manka naye humwimbia kila akitoka kwenda kwenye zamu ya maji usiku:

Eli, Eli, funga mlango,
ukungu umepanda na wenyewe.

Funga. Kati ya funga na fungua kuna herufi moja. Usimwonyeshe msomaji kwa kidole. Mwimbie wimbo mara mbili akiwa ametulia, ataikumbuka atakapoihitaji.

Ukitaka kufungua kwa "Paukwa! Pakawa!" fungua, ila ujue unachokifanya. Fomula ile ni ahadi kwamba msimulizi yuko salama na sisi tuko salama. Ahadi hiyo inavunjika vizuri sana, lakini lazima uivunje. Ukiitumia kama pambo la mlangoni itakulegezea hadithi nzima.

Hatua ya nane: sentensi

Tazama aya hii, ya aina ninayoiona kila mara:

"Ghafla Manka alisikia sauti ya kutisha ikitoka kwenye ukungu mzito. Alitetemeka kwa hofu kubwa na moyo wake ukadunda kama ngoma. 'Nani wewe?' alipiga kelele kwa woga."

Kila woga hapo umetajwa kwa jina, kwa hiyo haujabaki hata mmoja wa kuhisiwa. Sasa tuiandike upya:

"Ukungu ulipanda saa kumi. Ukafuta migomba ya jirani, kisha ya kwake, kisha paa la banda. Manka alikuwa akikata majani ya mbuzi.

'Mama.'

Ilitoka upande wa korongo. Akasimamisha mundu. Bandani, mbuzi waliacha kutafuna.

'Mama.'

Haikuwa na haraka. Eli akipotea huita mfululizo, hamalizi pumzi.

'Nakuja! Usisogee!' alisema Manka.

Kimya. Kisha kule korongoni mtu akarudia taratibu, kama anayeonja mchuzi: 'Nakuja. Usisogee.'"

Sijui kama ni nzuri, lakini inafanya kazi. Hakuna hofu, hakuna kutisha, hakuna ghafla. Mnyama ametambua kabla ya binadamu. Manka mwenyewe amegundua kwamba sauti haina haraka na bado ameitika, maana mama hasubiri uhakika. Na kiumbe kimetuonyesha kinachotaka bila mtu kutueleza.

Kuhusu maneno ya lugha ya mlimani, kihamba, mfongo, masale: yaache kama yalivyo, usiyafasiri kwenye mabano. Muweke mtu afanye kitu nayo. Manka akifungua mfongo kwa jembe na maji yakaingia kwenye migomba, msomaji wa Lindi au wa Mombasa ameelewa mfongo ni nini. Ila usimwage kumi kwenye aya moja ili kuonyesha kwamba umefanya utafiti.

Hatua ya tisa: usichokigusa

Bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi: hapana. Vikongwe wameuawa nchini mwetu kwa tuhuma hiyohiyo, na wengi macho yao yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni. Kumtuhumu mtu uchawi ni jambo ambalo sheria ya Tanzania inalihesabu kosa. Kwenye hadithi hakuna atakayekushtaki kwa mhusika wa kubuni, lakini ukitumia jina na nyumba ya mtu wa kijijini kwenu umemweka hatarini. Viungo vya watu wenye ualbino visiwe kiungo cha mapishi yako. Kigego naye, ukimtumia, mwandike kama Mbegha, mtu aliyeponea chupuchupu, asiwe dalili ya laana tu.

Na kuna mambo ya historia yanayotisha kuliko chochote utakachotunga. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wazao wake wamekitafuta miaka na miaka. Unaweza kuandika juu ya hilo, lakini kwa uzito wa anayezungumza msibani. Kichwa kile kisigeuzwe kuwa mzuka wa kumshtua mtalii.

Hatua ya kumi: urefu

Maneno 2,000 hadi 3,000. Watu wasizidi wanne. Usiku mmoja, au usiku mmoja na mchana ulioutangulia. Zaidi ya hapo unaandika riwaya bila kujua.

Hatua ya kumi na moja: mwisho

Kuna miisho mitatu ya kutupa mbali: kumbe ilikuwa ndoto, babu anatokea na kueleza kila kitu, na msimulizi kutuambia tumejifunza nini. Ndoto inamnyang'anya msomaji alicholipia. Babu anawasha taa. Wa tatu anatupeleka darasani.

Mwisho mzuri hutoka kwenye mwiko uleule, umegeuzwa. Rudi kwenye kazi zake tatu ujiulize: ni lini katazo hili litamgeukia anayelitii? Kwa Manka ni hivi. Usiku wa zamu yake ya maji, ukungu unapanda akiwa mfongoni. Bibi amelala usingizi wa dawa. Manka anakimbia kurudi, na hatua ishirini kabla hajafika anajisikia yeye mwenyewe mlangoni, akiita kwa upole: "Eli. Nakuja. Usisogee." Hayo ndiyo maneno kiliyonayo. Na wimbo kimeusikia mara nyingi mno kutoka korongoni, ila hakijawahi kuusikia vizuri kupita ukuta wa migomba. Kinaimba, "Eli, Eli, fungua mlango."

Manka yuko nje, naye. Akipiga kelele kwamba mama ni yeye, mtoto atasikia mama wawili. Akiita jina, amefanya kilekile kinachofanywa na mwenzake. Kitu kimoja tu anaweza kukifanya ambacho kile hakiwezi, nacho ni kuimba wimbo kwa usahihi. Na wimbo kwa usahihi unasema funga.

Anaimba. Ndani komeo linashuka. Nyuma yake, karibu sana, mtu anaimalizia beti kwa sauti yake, safari hii bila kukosea hata neno.

Nakata hapo. Usiku mzima uliobaki ni wa msomaji. Nilipoandika rasimu ya kwanza niliongeza aya ya asubuhi: majirani, mundu uliookotwa, na kadhalika. Niliifuta baada ya wiki mbili, kwa shingo upande, kwa sababu ilikuwa na sentensi niliyoipenda kuliko zote.

Hatua ya mwisho: kusahihisha

Ilaze siku kadhaa. Kisha pitia ukiwinda ghafla, mara, kumbe, "wa ajabu", "wa kutisha" na kila sentensi inayoanza na "alihisi". Futa nusu bila kuzifikiria, nyingine zifikirie. Angalia kama kuna mahali umeeleza kitu mara mbili kwa kuhofia msomaji hajaelewa. Ameelewa.

Kisha msomee mtu wa mlima huo. Atakukosoa ambapo hukutegemea: mbuzi hawafungwi upande ule, saa hiyo zamu ya maji imeshapita, bibi wa kwetu hasemi hivyo. Andika yote. Halafu isomwe mara ya pili, usiku, kwa sauti, mbele ya watu wawili au watatu, taa moja ikiwa imewaka, na mwombe mwingine akusomee ili wewe ubaki huru. Usitazame karatasi. Tazama macho yao, na kila mahali mtu anapogeuka kuangalia mlango, weka alama ya kalamu pembeni. Sehemu zisizo na alama ndizo za kuandika upya.